Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wapenzi wa Ska Waishio Coventry, Mwaka 2024

Ndugu wajumbe wa kamati, ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote kwa heshima. Tumshukuru Mungu aliyetufikisha mwisho wa mwaka, ingawa wenzetu wawili tuliwasindikiza makaburini, na rambirambi za chama zilizifikia familia zote mbili.

Shughuli za kawaida mnazifahamu, hivyo sitazirefusha. Usiku wa santuri za ska, muziki wetu wa dansi uliozaliwa Jamaika, ulifanyika kila mwezi isipokuwa Januari na Agosti. Mwezi Machi tulizuru jumba la makumbusho ya muziki hapa mjini. Mafunzo ya tarumbeta kwa watoto wetu yalianza, yakasimama kwa kukosa mwalimu. Basi la kwenda Birmingham kusikiliza bendi liliondoka likiwa nusu tupu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limesemwa sana pembeni na kidogo sana vikaoni, nalo ni dansi la tarehe 22 Juni, ambapo kamati iliyo chini yangu ilikodi bendi kamili ya wanamuziki tisa, wakiwemo wapulizaji wanne, badala ya mpiga santuri mmoja ambaye angetugharimu pauni 300. Bendi ililipwa pauni 1,800, ukumbi 350 na fundi wa mitambo 200, jumla pauni 2,350. Tiketi 103 za pauni 15 zilituingizia pauni 1,545. Kwa hiyo dansi lenyewe lilipungukiwa pauni 805, na ninalitamka hilo mbele yenu bila kulificha.

Wapo wanaosema kwamba mwenyekiti aliamua peke yake. Katiba yetu inataka matumizi yanayozidi pauni 1,000 yapitishwe na mkutano mkuu, na akidi ni theluthi moja ya wanachama, yaani watu 22. Niliitisha mkutano mwezi Februari wakaja watu tisa. Nikauitisha tena Machi, nikawapigia simu wengi wenu mimi mwenyewe, wakaja saba. Bendi ilikuwa ikisubiri jibu na tarehe ilikuwa ikitukimbia, ndipo kamati ikapiga kura na kukubaliana, na malipo ya awali ya pauni 300 niliyatoa mfukoni mwangu, nikarudishiwa mwezi Septemba bila nyongeza. Imesemwa pia kwamba mpiga tromboni ni rafiki yangu. Ninamfahamu, sikatai, lakini bei ilijadiliwa na mweka hazina, na barua zote za makubaliano zimo katika jalada ambalo mwanachama yeyote anaweza kulisoma.

Tarehe nayo hatukuiokota. Tarehe 22 Juni 1948 meli ya Empire Windrush iliwashusha bandarini Tilbury mamia ya watu kutoka Karibi, na kwa waliohamia Uingereza kama wao, na kwa watoto wao, ndiko muziki huu ulikopata makao ya pili. Tena mwaka huu ilikuwa imetimia miaka 60 tangu wanamuziki wa bendi ya The Skatalites waungane Kingston, Jamaika, mwaka 1964. Walidumu kiasi cha mwaka mmoja tu kabla ya kutawanyika mwaka 1965, lakini kazi waliyoifanya katika studio ya mtayarishaji wa muziki Coxsone Dodd ndiyo tunayoicheza kila mwezi. Wapulizaji wa bendi hiyo, Don Drummond, Tommy McCook, Johnny Moore na Lester Sterling, wote walilelewa kimuziki katika shule ya Alpha ya masista wa Kikatoliki, wakafundishwa tromboni, saksafoni na tarumbeta kwa nidhamu kali. Ska ilitoka vifuani mwa watu hao. Gitaa na piano hugonga katikati ya pigo na pigo, besi hutembea bila kupumzika, lakini anayeimba hasa ni mpulizaji, na santuri, hata ikiwa nzuri namna gani, haiwezi kumjibu mchezaji aliye mbele yake.

Hata hapa Coventry, Jerry Dammers, mpiga kinanda wa bendi ya The Specials, alipoanzisha lebo ya santuri ya 2 Tone mwaka 1979, na vijana wa bendi hiyo walipotaka sauti yenye mizizi, walimwita Rico Rodriguez, mwanafunzi mwingine wa Alpha aliyehamia Uingereza mwaka 1961, aje na tromboni yake. Mimi niliyefika mji huu mwaka 2003 nikitokea Mombasa, nikafundishwa muziki huu na mzee wa Kijamaika tuliyefanya naye kazi ghalani, nisingeweza kuuadhimisha mwaka kama huu kwa spika peke yake. Waliokuwepo usiku ule waliwaona wazee wa Kijamaika wakisimama kucheza wapulizaji walipoanza, na baadhi yao walinishika mkono wakaniomba turudie.

Linaloniuma ni kwamba kati ya watu 103 walionunua tiketi, wanachama wetu walikuwa 19. Wengine walinieleza kuwa jioni hiyo walikuwa na mechi ya Ubelgiji na Romania. Mechi hurudiwa kwenye televisheni. Bendi ile haikurudia.

Kuhusu ada, chama kina wanachama 64, na ada ni pauni 40 kwa mwaka. Waliolipa yote ni 27, waliolipa nusu ni 11, na 26 hawakulipa hata senti. Tulikusanya pauni 1,300 wakati tulipaswa kukusanya 2,560. Tulianza mwaka na akiba ya pauni 2,140, mapato ya ada na tiketi yakawa 2,845, matumizi yote yakafika 3,290, na akiba sasa ni pauni 1,695. Akiba imeshuka kwa pauni 445, ilhali ada ambazo hazikulipwa ni pauni 1,260. Kila mmoja angelipa, tungekuwa tumefanya dansi lile lile na akiba ingeongezeka kwa pauni 815. Naomba wanaoiuliza kamati zilikokwenda fedha wajiulize kwanza kama jina lao limo katika wale 27.

Kwa mwaka ujao, kamati inatarajia, hali ikiruhusu, kupata mwalimu mpya wa tarumbeta, kuandaa safari ya London, na kuangalia uwezekano wa kuialika tena bendi ile ile. Mweka hazina ameketi karibu na mlango na daftari la ada liko wazi mpaka kikao kitakapofungwa.

Mwenyekiti,
Coventry, Desemba 2024