Antena ya redio ya gari sio pambo la keria

Mhariri habari za kazi, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili limenikaa rohoni tangu nilipopoteza hela yangu kizembe.

Mimi na mshkaji wangu tuna pikapu mbili, tunabeba mizigo Buguruni kwenda Chalinze, saa nyingine mpaka Moro. Tukaona tufunge redio za CB, zile za kuongea gari kwa gari za megahezi 27, tusiwe tunapigiana simu huku tunaendesha. Sasa kila duka nililoingia Kariakoo swali lilikuwa moja tu, unataka ya wati ngapi bosi? Wakati CB ya kawaida kwa AM ni wati 4 basi. Antena nikapewa kama nyongeza tu, kifimbo hakifiki hata nusu mita, fundi akakifunga kwenye keria juu kwa juu ya rangi, bolti mbili, akasema tayari lete hela. Mshkaji yupo Tazara mi nipo Ubungo, nasikia mikwaruzo tu, na wiki ya pili redio ikawa inapokea lakini hairushi, transista ya kurushia imeungua.

Nikaelekezwa kwa mzee mmoja aliyekuwa fundi redio melini zamani. Redio yenyewe hata hakuifungua, akaenda moja kwa moja kwenye antena akaitikisa akacheka. Akaniambia mwanangu, wimbi la hii redio lina urefu wa mita 11 hivi, antena ya robo wimbi ingetakiwa iwe karibu mita 2 na sentimita 70, hizi fupi zinafanya kazi kwa sababu zimezungushiwa koili ila kadri unavyofupisha ndo unavyopoteza nguvu, kwa gari la kawaida tafuta angalau ya mita moja na nusu yenye springi chini ili ikigonga tawi la mwembe irudi yenyewe. Halafu akasema kitu ambacho sijawahi kusikia dukani, kwamba antena ni nusu tu ya mtambo, nusu ya pili ni bati la gari. Ile yangu ilikuwa inaelea tu, rangi imeizuia haina arthi, nguvu yote inarudi kwenye redio ndo maana ikaungua!

Pahali bora ni katikati ya paa, hapo inarusha pande zote. Ukiweka kona ya nyuma kushoto, sauti inakwenda zaidi upande wa mbele kulia, yaani inafuata kule bati lilipo kubwa. Kama hutaki kutoboa paa (mi sikutaka, mvua za masika nazijua) ipo ya sumaku, ila uwe unaitoa na kufuta chini yake maana mchanga unakwangua rangi, na kwa hewa yetu hii ya chumvi usishangae kukuta kutu. Ukifunga kwa bolti piga msasa mpaka bati jeupe lionekane, kaza, halafu paka grisi.

Baada ya hapo inapimwa kwa mita ya SWR, yaani inayoonyesha nguvu inayorudi kwenye redio badala ya kutoka kwenye antena, hii ndo sehemu mafundi wengi wanairuka. Unaenda kiwanja cha wazi, sio chini ya nyaya za umeme wala ndani ya gereji, milango umefunga, unapima chaneli ya 1 na ya 40. Ikisoma juu zaidi kwenye 40 antena ni ndefu, ipunguze kidogokidogo, ikiwa juu kwenye 1 basi ni fupi. Ikishuka mpaka 1.5 uko poa, ikifika 3 usibonyeze kabisa kitufe cha kurushia, utaunguza kama mimi. Na leseni ulizia TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kabla hujanunua chochote, masafa sio kama king'amuzi unalipia unawasha.

Sasa hivi Tazara na Ubungo tunasikizana vizuri tu, kwa wati zilezile 4. Mita ya SWR nimenunua yangu mwenyewe, juzi nikampitia yule fundi wa kwanza nimuonyeshe, akaigeuza geuza akaniuliza kaka, hii ya kupimia betri?

Msomaji wenu,
Dereva wa pikapu, Tabata
Dar es Salaam