Risala ya Walimu wa Dansi ya Wawili kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mahafali ya Wanafunzi Watu Wazima

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wa kikundi, wahitimu wetu na familia zenu, mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kujumuika nasi. Risala hii haitataja hatua zote tulizofundisha, kwani wahitimu watazionyesha wenyewe. Tumeona tukueleze kile tunachopata sisi walimu, maana wengi hutuuliza tunafuata nini kwa watu wazima ilhali watoto hushika upesi.

Mheshimiwa, mtoto akikosea hatua hucheka akaendelea. Mtu mzima huomba radhi. Kazini yeye ndiye mtoa maelekezo na nyumbani ndiye anayeulizwa kila jambo, halafu jioni anasimama mbele ya mtu asiyemfahamu, wameshikana mikono, na hajui aanze na mguu upi. Anayekubali kuwa mwanafunzi upya kwa namna hiyo tunamheshimu tangu somo la kwanza.

Tukianza walzi, ambayo ina mapigo matatu, ukumbi mzima hunong'ona "moja, mbili, tatu". Macho yote yako sakafuni. Anayeongoza amemng'ang'ania mwenzake na kumsukuma kwa mikono. Anayefuata naye amekwisha kukisia hatua ijayo na kuitangulia. Hapo tunarudia lile lile la kila siku: hamisha uzito wako kwanza, mwenzio ataupokea. Kuongoza hutoka kiwiliwilini, na anayefuata ana kazi kubwa vilevile, kwa kuwa husikiliza kwa kiganja na mgongo, akangoja, ndipo akajibu. Huko kungoja ndiko kunakowashinda wengi. Kisha jioni moja midomo inatulia, macho yanainuka, jozi mbili zinapishana kwenye kona bila kugongana, na wenyewe hata hawana habari kwamba wameacha kuhesabu. Sisi tunaona. Hatujapata malipo yanayoshinda hayo.

Tena watu wazima hutufundisha kufundisha. Mtoto huiga, mtu mzima huuliza kwa nini. Kwa nini kwenye walzi ukienda mbele unatanguliza kisigino, na kwenye rumba ya mashindano unatanguliza sehemu ya mbele ya wayo? Huwezi kumjibu "ndivyo ilivyo". Inabidi ukayachunguze upya mambo ambayo mwili wako uliyazoea zamani.

Darasani tunabadilishana wenzi kila baada ya muda mfupi. Mwanzoni wengine hawapendi, hasa waliokuja na wenzi wao wa ndoa. Lakini hapo ndipo mpole anapojifunza kusema "umenibana kidogo", na mwenye nguvu anapojifunza kulegeza mkono bila kununa. Wapo pia waliofiwa na wenzi wao, ambao kwao kushikwa mkono kwa adabu, muziki mmoja tu, ni jambo kubwa. Hao hatuwahimizi kwa maneno mengi; tunawapa nafasi.

Kuhusu afya tutasema kwa uangalifu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la New England Journal of Medicine uliwafuatilia watu 469 wenye umri wa zaidi ya miaka 75. Kati ya mazoezi ya mwili yaliyochunguzwa, dansi pekee ndiyo iliyohusishwa na kupungua kwa hatari ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Kuhusishwa si kuponya, na hatumwahidi mtu tiba. Hata hivyo, mzee anayekumbuka hatua, anayesikiliza mdundo na kumtunza mwenzake kwa wakati mmoja hakai bure.

Mheshimiwa, tuna maombi mawili. La kwanza ni ukumbi wenye sakafu ya mbao, kwa kuwa saruji inawaumiza magoti wanafunzi wa umri huu. La pili, utusaidie kuwaambia watu wazima wanaojiona wamechelewa kwamba tunapokea anayeanza kabisa, awe na mwenzi au asiwe naye.

Baada ya risala hii wahitimu watacheza rumba. Mmoja wao atakuja kukukaribisha uwanjani, nasi tunakuomba usikatae. Ameandaa hatua nyepesi ya pembeni kwa ajili yako.

Tunaomba kuwasilisha.