Usiuze drams kwanza

Kaka mambo,

Meseji yako niliisoma jana asubuhi natoka shifti ya usiku, nimekaa kwenye basi macho hata hayafunguki vizuri, nikafika pale uliposema umepata mteja wa drams usingizi wote ukakata. Nilitaka nikupigie hapohapo ila najua tungeishia kubishana afu bando linakata katikati, ndo maana nakuandikia barua ndefu kama zile za boding, isome ukiwa umetulia, na shemeji asiisome kwa sauti mbele ya watoto maana kuna sehemu ntakutukana kidogo.

Kwanza pole tena na bega, najua ushachoka kuambiwa pole. Umesema mkono wa kushoto hauvuki usawa wa kifua, daktari kakwambia hapo ndo mwisho wake, na kanisani kuna dogo wa kidato cha tatu kashakalia kiti chako na anapiga vizuri (hiyo ya "anapiga vizuri" ndo iliyokuuma, usinidanganye). Sawa. Ila kutoka "siwezi kupiga kama zamani" mpaka "nauza" umeruka hatua nzima hapo katikati, na bahati mbaya kwako mi nakaa kwenye mji ambao kuna mtu hakuiruka.

Si unajua nipo Sheffield. Mji wa chuma huu, vile visu vya bibi vilivyokuwa vinatoka kabatini akija padri tu, vilikuwa vimeandikwa Sheffield. Na ndo walikotoka Def Leppard. Wewe uliwaita bendi ya mabishoo kwa sababu ya nywele na zile nyimbo za kubembeleza, wewe Metallica tu, Metallica asubuhi, Metallica jioni, na mi nilikuwa nakuachia uongee. Leo ni zamu yangu.

Mpiga drams wao anaitwa Rick Allen. Aliingia bendi 1978 akiwa na miaka 15, drams za kawaida kabisa, ngozi na mbao na simbali (zile sahani za chuma), mikono miwili. Siku anafikisha miaka 16, tarehe 1 Novemba 1979, alikuwa jukwaani Hammersmith kule London wanaifungulia bendi ya AC/DC. Sisi na miaka 16 tulikuwa tunapigia ndoo mabwenini. Afu 1983 ikatoka albamu yao ya Pyromania ikauza mamilioni Marekani, na hapo tayari vyombo vilishaanza kubadilika, maana prodyuza wao Mutt Lange alikuwa mtu wa mashine, drams nyingi za ile albamu zilipangwa kwenye kompyuta afu simbali ndo zikapigwa kwa mkono juu yake. Hiyo iweke akilini, ntairudia.

Tarehe 31 Desemba 1984 Rick alikuwa anaendesha Corvette kwenye barabara ya A57, inayotoka hapa kupanda milimani kuelekea Manchester. Nimeipita mara kadhaa, ina kona kama za Kitonga ila badala ya nyani kuna kondoo. Gari likamshinda, akarushwa nje, mkono wa kushoto ukakatika. Madaktari wakaushona, ukaingia maambukizi, wakautoa tena. Miaka 21 kaka. Mpiga drams.

Sikuandikii hii ili nikuhubirie, mahubiri unayasikia kila Jumapili tena ukiwa kiti cha mbele. Kilichonishika mimi ni yale mahesabu aliyoyafanya kitandani. Alikuwa anagongesha miguu kwenye sponji mwisho wa kitanda, anafatisha nyimbo, akagundua ruwaza nyingi ambazo mkono wa kushoto ulikuwa unazipiga, mguu wa kushoto unazijua pia. Sasa fikiria, mguu wa kushoto wa mpiga drams kazi yake nini? Kukanyaga haihati, zile simbali mbili zinazofungana kwa pedali. Muda mwingi umekaa pale kama mlinzi wa getini anasubiri kupambazuke. Yeye akaupa kazi.

Na vyombo vya kufanya hivyo vilikuwepo, ndo nikasema ukumbuke ile habari ya mashine. Toka 1981 kampuni ya Simmons hapahapa Uingereza ilikuwa inauza drams za umeme, zile padi zenye pembe sita kama sega la nyuki, utaziona kwenye kila video ya miaka ile. Zilikuwa ngumu kama meza, plastiki yake ni ileile ya ngao za askari wa kutuliza ghasia, watu walikuwa wanalalamika viwiko na vifundo vya mikono vinauma. Ila zilikuwa na kitu kimoja ngozi haina: padi haijali imepigwa na nini. Ngozi inataka kijiti kije kwa pembe fulani na nguvu fulani, padi inataka mshtuko tu, waya unapeleka taarifa kwenye boksi, boksi linatoa sauti. Kwahiyo mshtuko ukitoka kwenye pedali ya mguu, boksi litajuaje? Basi wakamtengenezea pedali nne za mguu wa kushoto, ya haihati, ya kiki (lile goma kubwa la chini), ya sneya (ile ngoma yenye mlio mkali) na ya tomu (ngoma za pembeni). Mguu wa kulia ukabaki na kiki yake, mkono wa kulia ukapewa vyote vilivyoko juu.

Sasa kaa vizuri, hapa ndo nilikuwa napataka. Unaikumbuka sneya ya Master of Puppets, albamu ya Metallica wako? Ile uliyohangaika nayo toka fomu foo, unakaza ngozi unalegeza, unaweka pochi juu yake, unaniuliza "imefanana?" na mi nasema bado hata kama sijasikia tofauti. Ile albamu ilirekodiwa Copenhagen mwishoni mwa 1985, na sneya iliyotumika ni Ludwig Black Beauty, ya shaba, kaazima Lars Ulrich, mpiga drams wa Metallica. Aliazimwa na nani? Na Rick Allen. Bendi zao zilikuwa na mameneja walewale, na mwenye sneya alikuwa hana kazi nayo, ndo kwanza anajifunza kupiga sneya kwa mguu. Kwahiyo miaka yote hiyo unawaponda mabishoo ulikuwa unasaka sauti ya chombo cha bishoo. Nimecheka peke yangu kwenye basi mpaka mama mmoja akahamia siti ya nyuma.

Lakini ukiacha utani, mi hilo la sneya kusafiri limenikaa sana. Hakuiuza. Imeenda Denmark imefanya kazi yake kwa mtu mwingine, yeye yuko kwenye pedali zake anaanza upya kama mtoto.

Agosti 1986 wakarudi jukwaani, wakaanza na shoo ndogondogo za Ireland, na wakamchukua Jeff Rich wa bendi ya Status Quo awe mpiga drams wa pili wa kumshikilia akiteleza. Jeff alikuwa anapigia bendi mbili kwa wakati mmoja, siku moja akachelewa, Rick akaanza peke yake, na alivyofika akakuta mambo yanaenda, basi akajua hapa sihitajiki tena. Tarehe 16 mwezi huohuo wakapiga Donington, kwenye tamasha la Monsters of Rock, Joe Elliott, mwimbaji wao, akamtaja jina, uwanja mzima ukalipuka. Mwaka uliofata Agosti ikatoka albamu ya Hysteria, ambayo walihangaika nayo zaidi ya miaka mitatu.

Isikilize tena Hysteria, ila safari hii sikiliza drams tu. Kila sneya imelingana na mwenzake, kubwa, safi, haina zile nong'ono ndogondogo za katikati unazozipenda wewe. Watu wengine hawaipendi kwa sababu hiyohiyo, wanasema ni baridi, na kusema ukweli hata mimi siku nyingine naiona hivyo. Ila ni sauti ya mtu na vyombo vyake vya wakati ule, na bendi ikaandika nyimbo zinazokaa kwenye sauti hiyo, nafasi kubwa katikati ya pigo na pigo. Na hawakumwambia Rick asubiri pembeni waajiri mwingine. Walimsubiri.

Afu hakuishia hapo, maana wengi stori wanaimalizia kwenye pedali. Miaka kumi baadaye, kwenye albamu ya Slang ya 1996, akarudisha ngoma za ngozi mbele yake, zile za kweli, mkono wa kulia unapiga ngozi na pedali za umeme ziko chini kushoto, mchanganyiko. Alichoka na plastiki nadhani, au masikio yalitaka hewa tena, mi ningekuwa yeye ingekuwa hivyo. Sasa hivi kapita miaka 60 na bado anapiga viwanjani.

Hata huyo Lars wako, mikono yote miwili mizima, angalia alivyohama. Miaka ya themanini amezungukwa na matomu kama muuza sufuria, baadaye akayapunguza, 2003 kwenye albamu ya St. Anger akafungua nyaya za chini ya sneya ikalia kama debe na dunia nzima ikamsema, na kwenye ziara yao iliyoanza 2023 jukwaa lilikuwa duara lenye seti nne za drams, anatoka hii anaenda ile. Hakuna aliyebaki na vyombo alivyoanza navyo. Wewe umekaa na mpangilio uleule toka tulivyonunua zile drams kwa mchango Msamvu, simbali ya kushoto iko juu kama feni, afu bega likikataa unasema muziki ndo umekukataa.

Haya, matusi yameisha, tuje kwenye kazi. Mkono wako upo kaka, haupandi tu. Sneya iko wapi? Chini, usawa wa mapaja. Mkono unaishia kifuani. Kwahiyo sneya unaifikia! Usichokifikia ni simbali ya kushoto na tomu ndogo ya juu. Simbali itoe, ipeleke kulia karibu na ile nyingine, na tomu ya juu itoe kabisa, bakiza ile ya chini. Sneya ishushe inchi moja hivi na uilaze, sio ile uliyoinamisha kama sahani ya supu. Kiti nacho kipandishe kidogo ili kiwiko kining'inie chenyewe bila bega kukibeba.

Na siku bega likiwa bovu kabisa, zile za baridi ulizonisimulia, hapo ndo mguu. Padi za umeme najua bei yake huko haishikiki, kwahiyo nimewaza hivi. Ile sneya ya zamani iliyopasuka lagi moja (kile kishikizo cha skrubu) bado unayo? Nenda kwa fundi wa kuchomelea, akutengenezee fremu ya chuma inayoisimamisha wima kama kiki ndogo, ngozi ya juu ikuangalie wewe, na chini aweke bati la kung'atwa na pedali. Angalizo moja, kiki yetu ni inchi 22, katikati yake iko inchi 11 kutoka chini, sneya ni ya inchi 14, katikati yake ni inchi 7 tu, ukiiweka chini kabisa nyundo ya pedali itagonga juu karibu na ukingo na sauti itakuwa ya ovyo. Kwahiyo fremu iinyanyue inchi tatu mpaka nne. Pedali tumia ile ya kwangu niliyokuachia, mafuta kidogo tu itaamka. Iweke kushoto kwa haihati, mguu uwe unahama kwa kisigino.

Wiki tatu za kwanza utakuwa unapiga vibaya sana. Dogo wa kidato cha tatu atakuonea huruma. Vumilia.

Huyo mteja mwambie bado unafikiria. Kama shida ni ada ya mtoto niambie nielewe, mwisho wa mwezi huu nina shifti za ziada, usiniletee aibu za kiume. Afu nitumie picha ya drams zilivyokaa sasa hivi, piga kwa juu, panda hata kwenye stuli, au mwambie shemeji apande maana wewe na bega hilo utadondoka tena. Nataka kuona pale kushoto kwa haihati kuna nafasi ya inchi ngapi mpaka ukutani, maana nakumbuka kuna lile kabati la mama.

Msalimie mama, mwambie nakula vizuri.

Ni mimi,
mwenye pedali