Barua ya Wazi kwa Wasanii Wetu Wanaopanda Majukwaa ya Siasa

Wanangu wasanii,

Nawaandikia kutoka Magomeni nikiwa bado na uchungu wa nilichokishuhudia kwenye mkutano wa kampeni uliofanyika jirani na kwangu. Mmoja wenu aliimba nyimbo tatu, akawaomba watu wampe kura mgombea aliyesimama kando yake, na aliposhuka mama mmoja muuza vitumbua akamshika mkono kwa upole, akamuuliza, "Mwanangu, huyu uliyemnadi amesema nini kuhusu maji yetu?" Kijana alicheka, akapiga naye picha, akaingia garini. Hakujua jibu, wala hakuona haya kutolijua, na hilo ndilo lililoniuma.

Siwakatazi siasa. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa ngoma hapa hapa Dar es Salaam, na alipoanza kuwaongoza wanawake wa TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, mwaka 1955 aliwafuata wanawake wenzake katika vikundi vya ngoma, akawaingiza chamani kwa mamia. Lakini alikijua alichokuwa akikidai, na angeweza kukieleza hata pasipo ngoma. Wasanii wenzenu nao, Joseph Mbilinyi (Sugu) alipoomba ubunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010, Joseph Haule (Profesa Jay) wa Mikumi mwaka 2015, na Hamis Mwinjuma (MwanaFA) wa Muheza mwaka 2020, waliomba kwa majina yao wenyewe, na kwa majina hayo hayo wakadaiwa.

Ninyi mnaoomba kwa jina la mwingine mnadhani deni ni lake peke yake. Mwaka 1995, katika uchaguzi mkuu wa kwanza tangu kurejeshwa kwa vyama vingi, bendi yangu ilikodiwa na mgombea mmoja, nasi tukamtungia wimbo wa daraja alilowaahidi watu wa mtaani kwetu. Alishinda, daraja halikujengwa, na kila masika wazazi waliokuwa wakiwavusha watoto mgongoni walinidai mimi, kwa kuwa yeye hawakumwona tena, ilhali mimi nao tulikuwa tukinunua nyanya kwenye genge moja. Sikuwa na jibu. Nililipwa kwa usiku mmoja, nikaulizwa kwa miaka.

Kwa hiyo, wanangu, someni ilani kabla ya kupokea malipo ya awali, na mkutanisheni mgombea na maswali ya watu wenu kabla hamjamwimbia. Andikianeni mkataba. Msimtukane mpinzani wake. Na anayetaka kiti cha ubunge mwenyewe akumbuke kwamba Ibara ya 67 ya Katiba inamtaka awe na miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama wa chama. Masharti ni machache, ila kuichambua bajeti ya Serikali kule Dodoma, kuanzia Aprili hadi Juni, hakufanywi kwa umaarufu.

Nasi wakubwa tumewaponza. Tunajaa uwanjani muziki unapolia na kutawanyika hotuba inapoanza, na vyama vimeliona hilo, vikaacha kutushawishi kwa hoja.

Kijana wangu uliyeimba siku ile, ikiwa barua hii itakufikia, yule mama hukaa pale pale kila asubuhi mpaka saa nne. Itafute ilani ya mgombea wako, usome inasema nini kuhusu maji, kisha urudi umjibu.

Mzee wenu,
Magomeni, Dar es Salaam