Barua kwa mdogo wangu anayeandika moduli ya nginx

Mdogo wangu,

Umenieleza kwamba kichujio chako cha kubadilisha maneno ndani ya kurasa kinafanya kazi vizuri kwa kurasa fupi, ilhali ndefu husimama katikati na maneno mengine hupita bila kuguswa. Nakujibu hadharani kwa kuwa tatizo hili huwasumbua wengi wanaoanza kuandika moduli (vipande vya nyongeza) za nginx, ile programu ya seva ya wavuti, na wengi hutafuta kosa mahali ambapo halipo.

Bafa ya nginx, yaani kipande cha kumbukumbu ya kompyuta kinachobeba data kwa muda, si stringi (mfuatano wa herufi) ya lugha ya C. Haina baiti ya sifuri mwishoni. Ina vielekezi viwili, pos na last, vinavyoonyesha data inapoanzia na inapoishia. Ukitumia humo strstr, amri ya C inayotafuta neno hadi ikutane na baiti ya sifuri, utafutaji waweza kuvuka last na kusoma kumbukumbu isiyokuhusu. Programu ikianguka, shukuru. Isipoanguka, huenda unamtumia mgeni data ya mtu mwingine, na ndivyo ilivyokuwa kwa Heartbleed, kasoro ya OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, iliyotangazwa mwaka 2014, ambapo seva ilisoma nje ya mipaka kwa kuamini urefu uliotajwa na mtumaji.

Kuhusu maneno yanayoponyoka, kumbuka kwamba funksheni ya kichujio chako huitwa na nginx mara nyingi kwa jibu moja, kila mara ikikabidhiwa mnyororo wa bafa chache. Kwa kawaida bafa za proxy, yaani zile nginx inazopokelea jibu kutoka seva iliyo nyuma yake, huwa na kilobaiti 4 au 8, kwa hiyo neno laweza kukatwa, nusu likabaki katika bafa moja na nusu likaja katika inayofuata. Usiunganishe jibu zima, kwani utamaliza kumbukumbu bure. Hifadhi katika muktadha wa ombi (data ya moduli yako inayodumu kwa ombi hilo) ule mkia tu unaoweza kuwa mwanzo wa neno unalolitafuta. Hauwezi kuzidi urefu wa neno hilo ukitoa baiti moja.

Kusimama kwa kurasa ndiko kunakonihangaisha zaidi. Nilivyosoma msimbo wako, unanakili data kwenye bafa mpya na kuiacha ya zamani kama ilivyokuwa. Usiposogeza pos ifike kwenye last, nginx huihesabu bafa hiyo kuwa bado ina kazi, haiirudishi kupokea data nyingine, na zikishikwa za kutosha jibu hukwama. Ukurasa mfupi haufikii hatua hiyo. Bafa yako mpya ya mwisho nayo ibebe alama ya last_buf, inayosema jibu limeisha, na kwa kuwa urefu wa jibu unabadilika, ondoa Content-Length, kichwa kinachotaja urefu wa jibu, katika kichujio cha vichwa.

Ili uone kosa mwenyewe, zima proxy_buffering, mpangilio unaoifanya nginx ikusanye jibu kwenye bafa kabla ya kulituma, kisha weka nyuma ya nginx seva ndogo ya majaribio inayotuma baiti moja moja, ikitulia kidogo kila baada ya baiti. Makosa yaliyojificha kwenye mipaka ya bafa yatajitokeza mara moja. Kompaili nginx kwa --with-debug, uweke error_log katika kiwango cha debug. Valgrind, zana ya kutafuta makosa ya kumbukumbu, peke yake haitakutosha, kwa sababu nginx huomba kumbukumbu kwa vipande vikubwa na kuvigawa yenyewe; ongeza -DNGX_DEBUG_PALLOC=1 unapokompaili ili kila ombi la kumbukumbu lionekane kivyake.

Ukikuta kwenye logi onyo la "zero size buf in output", nitumie mistari iliyolitangulia pamoja na sehemu ya msimbo inayounda bafa, nami nitaisoma kwa makini.

Kaka yako