Yah: Pikipiki Inayosita na Kulipuka, na Vipuri Nilivyouziwa Bila Kupimwa

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimeileta pikipiki yangu kwenye karakana yenu mara tatu kwa ugonjwa mmoja, na mara zote tatu nimerudishiwa ikiwa na ugonjwa uleule. Ikiwa imesimama inanguruma vizuri. Nikivuta mafuta taratibu, inakwenda. Nikivuta kwa haraka inasita kama imekabwa koo, inalipuka kwenye kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa, kisha inashtuka na kuruka mbele. Mara ya mwisho ilinifanyia hivyo nikiwa ninalipita lori, na gari linakuja mbele yangu. Nilinusurika kwa kuwa dereva wa lori alishika breki. Ndiyo maana naandika barua badala ya kupiga simu nyingine.

Safari ya kwanza mafundi wenu walibadilisha plagi. Ya pili, koili inayopeleka umeme mkali kwenye plagi. Ya tatu, CDI, kifaa cha umeme kinachoamua cheche itoke lini. Vyote nimelipia mwenyewe, kwa maelezo kwamba vifaa vya umeme havimo kwenye dhamana. Kila nilipofika nilimwambia aliyenipokea mambo mawili: mlipuko unatokea kwenye kabureta, si kwenye ekzosi, na asubuhi, choki ikiwa imevutwa nusu, pikipiki haisiti kabisa. Nimezisoma kadi zote tatu za kazi. Hayamo.

Mambo hayo mawili yalitosha kumwonyesha fundi pa kuanzia. Choki huongeza mafuta kwenye mchanganyiko, kwa hiyo injini inayopata nafuu kwa choki ilikuwa inavuta hewa nyingi mno. Kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Hewa ikizidi sana, moto huenda polepole, na valvu ya kuingizia inapofunguka tena huukuta bado unawaka. Hapo ndipo unaporudi nyuma na kulipuka kwenye kabureta. Hata plagi ya kwanza waliyoitoa, ambayo ninayo, ina ncha nyeupe kama chokaa. Weupe wa namna hiyo ni dalili ya hewa kuzidi au joto kupita kiasi. Sijui ni nani aliyeutazama akaona koili.

Jumamosi iliyopita niliwasha injini, nikasubiri ipate moto, nikanyunyiza maji ya sabuni kuuzunguka mpira unaounganisha kabureta na injini. Upande wa juu, kimya. Upande wa chini, pasipoonekana mpaka upige magoti, povu lilinyonywa ndani na mlio ukabadilika palepale. Nilipoufungua nikakuta mpira una ufa wenye urefu wa kucha ya kidole gumba. Haikunichukua hata nusu saa.

Linaloniuma zaidi ya fedha ni hili. Nilipofungua kabureta niligundua kwamba skrubu ya mchanganyiko imelegezwa ili mafuta yaongezeke. Mimi sijawahi kuigusa. Skrubu hiyo husaidia zaidi injini inaponguruma bila kuvutwa. Ukivuta mafuta kwa nguvu, kazi huhamia kwenye jeti kubwa, yaani tundu kuu la kupitisha mafuta ndani ya kabureta, na ndiyo maana kusita kulibaki palepale. Maana yake kuna fundi wenu aliyetambua kwamba hewa imezidi, akaufunika ugonjwa, halafu kadi ikaandikwa "umeme umerekebishwa" nami nikauziwa CDI.

Ninadai mfanye haya ndani ya siku 14. Mbadilishe mpira huo kwa dhamana, maana pikipiki bado imo ndani ya muda wake. Mnirudishie fedha za koili na CDI pamoja na vipuri vyangu vya zamani, ambavyo niliambiwa vimeshatupwa. Vya kwenu nitavileta. Skrubu irudishwe kwenye kipimo cha kiwandani. Na kwa kuwa nimeendesha muda mrefu injini ikiwa na joto lisilo la kawaida, ambalo linaweza kuunguza valvu ya kutolea moshi, mpime mgandamizo wa silinda, na nafasi za valvu zipimwe injini ikiwa imepoa. Nataka namba zenyewe ziandikwe kwenye kadi, nami niwepo wakati wa kupima. Neno "sawa" peke yake sitalipokea tena.

Pia ninaomba, kwa ajili ya wateja wengine, anayepokea pikipiki aandike maneno ya mwenye nayo kama anavyoyasema. Mtu anayeiendesha kila siku huisikia mapema kuliko kifaa chochote.

Nimeambatisha picha za mpira na plagi, na nakala za kadi tatu. Pikipiki nimeiegesha. Sitaipanda barabarani mpaka mtakapoifuata kwa gari lenu.

Wenu katika kusubiri majibu,

Mteja na mmiliki wa pikipiki