Kwa Nini Chanjo ya Mbegu Hukubali Shamba Moja na Kukataa Jingine

Kila msimu, wiki tano au sita baada ya kupanda, hutufikia wateja wenye lawama ileile: walinunua pakiti ya chanjo ya mbegu, wakaichanganya na soya kama walivyoelekezwa, na mpaka leo hawaoni tofauti yoyote kati ya shamba la mwaka huu na la mwaka jana. Lawama hizo hatuzipuuzi, kwa sababu mara nyingi ni za kweli. Chanjo inaweza kukataa, na sababu za kukataa kwake zinajulikana. Hata hivyo, kabla ya kujibu lolote huuliza kwanza iwapo mteja amechimba mche mmoja akatazama mizizi yake. Wengi huwa wametazama majani tu, ilhali bidhaa hii hufanya kazi yake ardhini, na majani huleta habari kwa kuchelewa sana.

Chanzo cha kutoelewana ni kwamba chanjo huuzwa pamoja na mbolea na hufungashwa kama mbolea, kwa hiyo mnunuzi huichukulia kuwa ni mbolea ya aina nyingine. Ule unga mweusi ni makao tu. Bidhaa yenyewe ni bakteria hai waliomo ndani yake, ambao katika chanjo iliyotengenezwa vizuri hufikia mamia ya mamilioni, au hata zaidi ya bilioni moja, katika kila gramu. Mbolea iliyosahauliwa juani bado ni mbolea, lakini chanjo iliyosahauliwa juani hubaki kuwa unga.

Kazi ya bakteria hao ni kuipatia mimea naitrojeni kutoka hewani. Takriban asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, lakini mmea hauwezi kuitumia ikiwa katika hali hiyo, kwa kuwa atomi zake hukaa mbilimbili zikiwa zimeshikana kwa vifungo vitatu ambavyo ni vigumu mno kuvunjika. Viwanda vya mbolea huvivunja kwa njia ya Haber na Bosch, iliyoanza kutumika kwa uzalishaji mkubwa huko Oppau, Ujerumani, mwaka 1913, na ambayo huhitaji joto la nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi pamoja na mgandamizo unaozidi ule wa hewa ya kawaida zaidi ya mara mia moja. Bakteria hufanya kazi hiyohiyo katika joto la kawaida la udongo, wakitumia kimeng'enya kiitwacho naitrojenezi, chenye madini ya chuma na molibdeni ndani yake. Gharama yake ni kubwa kwao pia: kila molekuli moja ya naitrojeni hugharimu angalau molekuli 16 za ATP, ambayo ndiyo hubeba nishati ndani ya seli. Nishati hiyo hutokana na sukari inayotengenezwa na majani, na ndiyo maana bakteria wa mikunde, yaani mimea ya jamii ya soya, maharage na kunde, hawafanyi kazi hiyo mpaka wapate mmea wa kuwalisha.

Biashara hii si ngeni. Wajerumani Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth walionyesha katika miaka ya 1880 kwamba mikunde hupata naitrojeni ya hewani kupitia vinundu, yaani vivimbe vidogo, vya mizizi yake, na mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck akafanikiwa kuwatenga bakteria kutoka katika vinundu hivyo. Kufikia mwaka 1896 Friedrich Nobbe na Lorenz Hiltner walikuwa tayari wamepata hataza ya chanjo ya kuuzwa kwa wakulima.

Turudi kwenye mizizi, kwa sababu ndiko jibu liliko. Mzizi mchanga wa mkunde hutoa kemikali ziitwazo flavonoidi, ambazo bakteria wanaofaa huzitambua na kuzijibu kwa kemikali zao wenyewe. Mmea ukiridhika na jibu hilo, kinyweleo cha mzizi hujikunja na kuwakumbatia, kisha huwafungulia njia nyembamba ya kuingia ndani, na mzizi huanza kujenga kinundu cha kuwahifadhi. Humo hutokea tatizo la kustaajabisha: naitrojenezi huharibiwa na oksijeni, ilhali bakteria wenyewe wanaihitaji oksijeni ili kupata nishati. Mmea hulitatua kwa kutengeneza protini inayofanana na himoglobini ya damu yetu, ambayo huishika oksijeni na kuigawa kidogokidogo. Protini hiyo ni nyekundu kama ilivyo damu, na kwa ajili yake mkulima anaweza kuichunguza chanjo yake bila maabara, kwa wembe au hata kwa ukucha.

Chimba mimea mitano au zaidi, wiki nne hadi sita baada ya kuota, kutoka sehemu mbalimbali za shamba. Usiing'oe kwa kuivuta, maana vinundu hukatika kirahisi na kubaki ardhini, nawe utaondoka ukiamini kwamba havikuwapo. Tumia jembe au sepeto, inua mche pamoja na bonge lake la udongo, liloweke ndani ya ndoo ya maji, kisha lioshe taratibu. Pasua vinundu kadhaa. Ndani kukiwa na rangi ya waridi au nyekundu, kazi inafanyika. Kikiwa cheupe, kinundu hicho ama bado ni kichanga, ama kimekaliwa na bakteria wanaokula sukari ya mmea bila kurudisha kitu, kwa hiyo ni vyema kurudia uchunguzi baada ya wiki moja au mbili. Rangi ya kijani au ya kahawia humaanisha kinundu kimezeeka. Tazama pia mahali vilipo: vinundu vikubwa vilivyojikusanya juu, karibu na shina kwenye mzizi mkuu, kwa kawaida vimetokana na chanjo iliyokuwa juu ya mbegu, na vidogo vilivyotawanyika kwenye mizizi ya pembeni mara nyingi ni vya bakteria waliokuwamo udongoni tangu awali.

Jambo moja huwapotosha hata wakulima wazoefu. Minyoo fundo nayo husababisha uvimbe kwenye mizizi, na tumewahi kuletewa mizizi iliyojaa uvimbe huo na mteja aliyekuwa na furaha kubwa. Tofauti ni kwamba kinundu hukaa ubavuni mwa mzizi na hubanduka kikisukumwa kwa kidole, wakati uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe ulionenepa, haubanduki, na ukiupasua hukuti wekundu.

Iwapo hakuna vinundu kabisa, au vipo lakini ni vyeupe vitupu, sababu ya kwanza tunayoichunguza ni aina ya chanjo. Bakteria hawa huchagua. Soya huhitaji aina za Bradyrhizobium, hasa ile ijulikanayo kama Bradyrhizobium japonicum na jamaa zake wa karibu. Njegere hutumia Rhizobium leguminosarum. Lusani hutumia Sinorhizobium meliloti. Na maharage yana kundi lake la Rhizobium. Chanjo ya soya iliyopakwa kwenye maharage ni kazi bure, hata kama ingekuwa imetengenezwa jana. Kwa hiyo mteja akituomba "chanjo ya mikunde" bila kutaja zao, hatumuuzii mpaka alitaje, na kwa hilo huonekana wasumbufu.

Sababu ya pili ni kwamba bakteria walikufa kabla ya kuufikia mzizi. Joto huwaua, jua la moja kwa moja huwaua haraka zaidi, na ukavu huwapunguza kila saa inayopita baada ya mbegu kupakwa. Pakiti ihifadhiwe mahali penye ubaridi na kivuli, isitumike baada ya tarehe iliyoandikwa, na ikishafunguliwa itumike yote siku hiyohiyo. Mbegu zipakwe kivulini, kwa maji kidogo yenye sukari au gundi ya kushikishia unga, kisha zipandwe mara moja katika udongo wenye unyevu na kufukiwa. Kupaka mbegu asubuhi kwa matumaini ya mvua ya jioni ni kamari. Vilevile, dawa nyingi za ukungu zinazopakwa kwenye mbegu huwadhuru bakteria, hususan zenye madini kama shaba, na mtu akilazimika kutumia vyote viwili ni afadhali aiweke chanjo kwenye mfereji wa kupandia kuliko kwenye mbegu yenyewe. Wala mbegu zilizokwisha kupakwa zisichanganywe na mbolea ya chumvichumvi katika chombo kimoja.

Sababu ya tatu huwashangaza wengi: naitrojeni nyingi udongoni huzuia vinundu. Mmea unaopata naitrojeni ya bure haugharimiki kuwalisha bakteria, kwa hiyo mteja anayeweka chanjo na papo hapo akamwaga urea kwa wingi amelipia vitu viwili vinavyopingana, na chanjo ndiyo itakayoshindwa. Kirutubishi ambacho tungependa akiongeze ni fosforasi, kwa sababu vinundu huihitaji kwa wingi, na katika udongo usio na fosforasi ya kutosha hata bakteria bora hawafui dafu. Udongo wenye asidi nyingi, hasa pH ikiwa chini ya 5.5, huleta taabu maradufu, kwani aluminiamu yenye sumu huongezeka, na molibdeni, ile inayohitajika ndani ya naitrojenezi, inakuwa haba kwa mizizi. Hapo fedha ya kwanza ielekezwe kwenye chokaa ya kilimo, kisha ndipo tuzungumze habari za chanjo.

Wapo pia wateja ambao chanjo haikufa wala haikukosewa, isipokuwa hawakuihitaji. Soya asili yake ni Asia ya Mashariki, na udongo ambao haujawahi kuoteshwa soya kwa kawaida hauna bakteria wake, kwa hiyo shamba jipya la soya ndilo linaloonyesha tofauti kubwa kuliko yote. Shamba lililotoa soya yenye vinundu vizuri miaka ya karibuni lina bakteria waliobaki, na kuongeza wengine huenda kusionekane katika mavuno. Kunde na karanga hazichagui sana na mara nyingi hujipatia washirika popote zilipo. Tungeweza kukaa kimya na kuuza pakiti nyingi zaidi, lakini lawama za wiki ya sita zingekuwa nyingi zaidi pia.

Tunaulizwa vilevile kuhusu bakteria wa mahindi, ngano na miwa. Wapo, na maarufu zaidi ni Azospirillum, ambaye umuhimu wake ulidhihirishwa na kazi ya Johanna Döbereiner na wenzake nchini Brazili tangu miaka ya 1970. Yeye hajengewi kinundu. Huishi kandokando na juu ya mizizi, naitrojeni anayoleta ni kidogo, na faida yake kubwa hutokana na homoni za ukuaji anazotoa, ambazo huongeza matawi na vinyweleo vya mizizi, hivyo mmea hufyonza maji na virutubishi kwa eneo kubwa zaidi. Tunamuuza kwa maelezo hayo tu. Anayetarajia kuacha kabisa mbolea ya mahindi kwa sababu ya pakiti hii asiinunue.

Na kwa wale wanaopanda soya ili kurutubisha shamba kwa ajili ya zao linalofuata, tunasisitiza kwamba sehemu kubwa ya naitrojeni iliyovunwa hewani huishia kwenye punje za soya zinazovunwa. Tani moja ya soya huondoka shambani na takriban kilo 60 za naitrojeni. Masalia yakiachwa na kufukiwa, udongo hubaki na kitu. Majani na mabua nayo yakibebwa kwenda kulishwa mifugo, shamba laweza kuishia na pungufu kuliko lilivyoanza.

Mteja ambaye shamba lake limekataa tunamwomba atuletee mimea mitano iliyochimbwa kwa namna tuliyoieleza, ikiwa imefungwa kwenye gazeti lenye unyevu, pamoja na pakiti tupu yenye namba ya toleo, tarehe ya kupanda, na majina ya dawa na mbolea alizotumia. Ikibainika kwamba toleo hilo lilikuwa na kasoro, tunarudisha fedha. Asisubiri mavuno ndipo aje, kwa sababu soya isiyo na vinundu vyekundu bado inaweza kuokolewa kwa mbolea ya naitrojeni ikiwekwa tangu inapoanza kutoa maua hadi inapoanza kufunga maganda, na baada ya hapo muda huwa umekwisha.